Kabla ya Kuingia Pangoni, Jua Saa za Maji

Kisiwa cha Mombasa kimesimama juu ya mwamba wa matumbawe ya kale. Mwamba huu huliwa na mawimbi na mvua, ndipo yakatokea mapango kwenye magenge ya bahari, kama yale ya upande wa Mama Ngina. Vijana wengi huyaingia kwa matembezi, na hatari wanayoidharau zaidi ni maji kujaa.

Hapa kwetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Tangu kupwa hadi kujaa ni kama saa sita, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi, kwa hivyo saa za jana si za leo. Wakati wa bamvua, siku za karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti huweza kukaribia mita 4.

Kinachowadanganya watu ni kwamba maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza hupanda kidogo tu, takriban sehemu moja ya kumi na mbili. Saa ya tatu na ya nne hupanda nusu ya kimo chote: kwa bamvua la mita 4, hizo ni mita 2. Aliyejiambia maji bado yako mbali ndiye hunaswa. Na pango ambalo mlango wake uko chini kuliko ndani hufungika mlangoni kwanza, huku aliye ndani angali amesimama pakavu.

Waulize wavuvi, au tazama jedwali la maji. Ingia yakiwa bado yanapwa, utoke kabla hayajaanza kurudi. Usiende peke yako, na uwaambie wa nyumbani ni pango gani na mtatoka saa ngapi. Taa ya simu haitoshi. Kila mtu awe na tochi. Vaa viatu, matumbawe hukata kama wembe.

Popo waacheni. Mwaka 1980 na 1987, watu wawili waliozuru pango la Kitum, Mlima Elgon, waliugua homa ya Marburg wakafa. Hatusemi popo wa Mombasa wana virusi hivyo, lakini vumbi la kinyesi chao nalo huweza kudhuru mapafu.

Mwenzako akizingirwa na maji, usiogelee kumfuata. Mwaka 2018, katika pango la Tham Luang nchini Thailand, wavulana 12 na kocha wao waliokolewa wote. Aliyefia humo alikuwa mzamiaji stadi aliyekwenda kuwasaidia. Ita wavuvi wenye chombo karibu nawe, kisha piga 999, 112, au Msalaba Mwekundu 1199, na utaje pango lilipo.