Muasisi Ni Nani?

Kila Sabasaba inapokaribia, vijana ninaowafundisha hapa Kariakoo huniuliza: Ustadhi, muasisi wa TANU ni nani? Wanataka jina moja. Mimi huanza na neno lenyewe.

Muasisi limetokana na Kiarabu assasa, yaani kuweka msingi. Kwenye shina hilo ndiko tulikopata pia asasi. (Asilichanganye mtu na muasi, shina lake ni jingine kabisa, ingawa machoni mwa mkoloni watu walikuwa wale wale!) Katika Surat Tawba, aya ya 108 na 109, kitenzi hicho kimetumika kwa majengo, ukiwemo msikiti ambao wafasiri wengi wamesema ni wa Quba.

Basi tutazame msingi. TANU iliasisiwa tarehe 7 Julai 1954 katika ofisi ya TAA, New Street, ambayo leo ni Mtaa wa Lumumba. Wanaohesabiwa kuwa waasisi wake ni 17, na Mwalimu Nyerere ndiye aliyekuwa rais. Hapo hakuna ubishi. Lakini TAA yenyewe ilitokana na African Association ya mwaka 1929, rais wake Cecil Matola, Mkristo, na katibu wake Kleist Sykes, Mwislamu. Abdulwahid, mtoto wa Kleist, alishindana na Nyerere kugombea urais wa TAA mwaka 1953, akashindwa, na mwaka uliofuata akawa pamoja naye katika kuasisi TANU. Sasa anayesema muasisi ni mmoja tu, msingi wa 1929 anaupeleka wapi?

Kuna jambo jingine. Kiarabu kina muassis wa kiume na muassisa wa kike. Kiswahili kimeiacha tofauti hiyo. Neno letu ni la wote. Hivyo Bibi Titi Mohamed hahitaji neno la pembeni. Wanaobisha husema hakuwemo katika wale 17. Ni kweli, hakuwemo. Lakini kitengo cha akina mama cha TANU mwaka 1955 nani alikiwekea msingi, kama si yeye na wenzake waliopita kwenye vikundi vya ngoma wakiwaingiza wanawake chamani?

Hata hivyo, sisemi kila aliyekata kadi aitwe muasisi. Sheikh Suleiman Takadir, aliyeongoza Baraza la Wazee wa TANU, mimi humwita mlezi. Najua wapo wazee watakaonipinga kwa hilo, na hoja zao nitazisikiliza, inshaallah.