Usipandishe Kikomo cha Seva Kabla ya Kuhesabu Kumbukumbu

Kijitabu hiki kimetolewa baada ya malalamiko kuzidi. Matokeo ya mitihani yakitangazwa tu, tovuti zinazimika, na fundi wa zamu anasema wageni walikuwa wengi. Wageni hawana kosa. Seva imeruhusiwa kupokea watu wasioenea kwenye kumbukumbu yake.

Wahusika ni wanaoendesha Apache ya prefork kwenye seva yao wenyewe. Aliyepanga nafasi kwenye seva ya mwingine amuulize mwenye seva. Wanaoendesha Apache ya event wana hesabu yao.

Katika prefork, kila muunganisho unashikwa na prosesi yake. Kikomo ni MaxRequestWorkers (kabla ya toleo la 2.4 kiliitwa MaxClients), na usipokigusa ni 256. Prosesi zenye MB 60 kila moja zitadai zaidi ya MB 15,000. Seva ya GB 4 itazitoa wapi? Itaanza kuhamishia data kwenye diski, kurasa zitachelewa, waliochoka kusubiri watabonyeza tena, mzigo utazidi. Mwishowe Linux itaua prosesi iliyonenepa kuliko zote, na mara nyingi hiyo ni hifadhidata. Ndiyo maana Apache hukutwa hai huku tovuti imekufa.

Sasa soma kwa makini. Kikomo kikifikiwa, Apache huandika kwenye logi ya makosa ikikushauri ufikirie kukipandisha. USIPANDISHE. Ujumbe huo haukupima kumbukumbu yako. Ofisi hii imelisema hili kwa uvumilivu mkubwa, na inalisema tena: usipandishe kabla ya kuhesabu.

Pima prosesi za Apache kwa amri ya ps saa za pilikapilika, si usiku wa manane, na usome safu ya RSS, si VSZ. Kwenye kumbukumbu yote toa sehemu ya mfumo endeshi na ya hifadhidata. Kinachobaki kigawe kwa ukubwa wa prosesi moja. Kwa mfano, zikibaki MB 2,400, gawa kwa 60 upate 40: hicho ndicho kikomo chako. Ukikiona kidogo, kiache hivyo hivyo: wanaozidi watapanga foleni na watahudumiwa. Kisha shusha KeepAliveTimeout kutoka sekunde 5 hadi 2, aliyekwisha kupata ukurasa asishikilie prosesi bure.

Kabla ya kuwasha upya, endesha apachectl configtest. Anayetaka kusaidiwa kuhesabu aje na vipimo vya RSS vya siku yenye wageni wengi. Asiye navyo hatapokelewa.