Jeshi Lililozingirwa Linavyojinasua: Donelson, 1862

Kijana: Mzee wangu, jeshi lililozingirwa hujinasuaje?

Mzee: Hurundika karibu nguvu zote upande mmoja, kwingine likabakiza wachache wa kumzuga adui. Njia ikipatikana, wengine huishikilia wenzao wapite, na kikosi cha mwisho humchelewesha anayefukuza. Ila kupata njia si kuondoka. Tazama ngome ya Donelson, kando ya mto Cumberland, Tennessee, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani.

Kijana: Nani alimzingira nani?

Mzee: Jeshi la Kaskazini la Ulysses Grant liliwabana watu wa Kusini, mto ukiwa mgongoni mwao. Alfajiri ya tarehe 15 Februari 1862, katika baridi kali, Jenerali Pillow wa Kusini aliushambulia ubavu wa kulia wa Grant. Grant mwenyewe hakuwepo; alikwenda kuonana na mkuu wa manowari zake. Kufikia mchana, njia ya kuelekea Nashville ilikuwa wazi.

Kijana: Wakapita?

Mzee: Hawakupita! Pillow aliwarudisha askari kwenye mahandaki. Walikuwa hoi, na vikosi vimechanganyikana. Kubwa zaidi, majenerali hawakuwa wameafikiana mapema: wakishinda, waondoke hapo hapo, au warudi kwanza kuchukua vifaa? Jenerali Buckner alitaka waondoke. Floyd, mkuu wao wote, alisitasita, kisha akamfuata Pillow.

Kijana: Na Grant?

Mzee: Aliporudi alisikia kwamba mikoba ya mateka ina chakula cha siku tatu. Mlinzi wa ngome hahitaji kubeba posho vitani. Hao walikuwa wasafiri. Akang'amua kwamba upande wa pili umebaki mtupu, akamtuma Jenerali Smith aushambulie. Jioni Smith alikuwa ndani ya mahandaki ya nje, na njia ya Nashville imeanza kuzibwa.

Kijana: Hakuna aliyeokoka?

Mzee: Usiku Floyd na Pillow walitoroka kwa mto, wakamwachia Buckner kazi ya kusalimu amri. Zaidi ya watu 12,000 wakawa mateka. Kanali Nathan Bedford Forrest, wa wapanda farasi, alikataa. Majenerali walikwisha kuambiwa na daktari kwamba askari wa miguu wakipita njia ya kando ya mto, iliyofurika maji ya barafu, watakufa kwa baridi. Hata hivyo, Forrest aliwapitisha watu wapatao 700 katika njia hiyo hiyo, wala hawakukuta adui wa kuwazuia.