SOMO: JEMBE LA MGENI

Tangu mwaka 2008 mpango wa weltwärts huleta vijana wa Kijerumani kujitolea hadi Tanzania. Tangu 2013 wa kwetu nao huenda kwao. Vijana huandaliwa kwa semina. Je, wenyeji?

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Basi jembe liwepo. Luka 14:28 yatufundisha kuketi kwanza tukahesabu gharama.

Usharika wa kijijini, kama Usinge kwenye reli ya Tabora–Kigoma, ufanye haya:

1. Uchague kazi moja, mfano ufugaji nyuki.
2. Umteue mwenyeji wa kushirikiana naye tangu mwanzo.
3. Uandae kibali cha ukaazi, chandarua na mwalimu wa Kiswahili.

Swali la kujadili: mgeni akiondoka, nani atakagua mizinga? Jibu lisipopatikana, tusimwite bado.