Jumanne: Nguo Alizoshona Dorkasi

Soma Mathayo 5:16 na Mathayo 6:1-4. Kwa nini Yesu anataka matendo yetu mema yaonekane, kisha anatuonya tusiyatende ili tuonekane?

Mafungu haya hayapingani. La kwanza linahusu utukufu umwendeao Baba. La pili, sifa tunazojitafutia. Tendo laweza kuwa lile lile, moyo ukawa tofauti.

Tuseme ni Kisawasawa, katika bonde la Kilombero, baada ya mavuno. Mshiriki ameleta gunia la mpunga kanisani, lakini karani anaposoma orodha ya watoaji analiruka jina lake. Mjane atakayepewa mpunga ule atashiba vile vile. Lakini mshiriki akiapa kwamba mwakani hataleta kitu, basi gunia lile alimtolea nani?

Soma Matendo 9:36-41. Ni nani waliomwonyesha Petro nguo alizoshona Dorkasi?

Walikuwa wajane, wakilia. Dorkasi mwenyewe alikuwa amelala maiti orofani, hawezi kujitetea wala kujisifu. Kazi yake ilijulikana kwa sababu iliwafikia watu.

Kushukuriwa si dhambi. Paulo alimtaja Fibi kwa heshima mbele ya kanisa (Warumi 16:1, 2). Hatari huanza tunapoidai shukrani kama mshahara.

Ni huduma gani ungeendelea kuifanya hata kama jina lako lisingetajwa kamwe? Ni ipi ungeiacha? Mweleze Bwana jibu lako kwa uaminifu leo.