Shamba Lisiuzwe kwa Ajili ya Jina la Kozi

*Kwa Mshauri,*

*Mimi ni mhandisi wa mitambo, umri wangu miaka 27. Nilimaliza digrii miaka mitatu iliyopita na sasa niko kwa mkandarasi wa mabomba ya maji na majitaka hapa Konza. Natamani sana kusomea nanoteknolojia, shahada ya uzamili, upande wa uhandisi. Chuo kimoja Uingereza kimenikubali kwa kozi ya mwaka mmoja, ila hakuna ufadhili. Baba yuko tayari kuuza ekari mbili za shamba letu la Kola. Mama amenyamaza tu. Wenzangu kazini wanasema nikirudi hakuna wa kuniajiri Kenya, na afadhali nijaribu chuo cha Wakorea hapa hapa Konza. Nifanye nini?*

*Msomaji, Malili*

Binti yangu wa Malili,

Nianze na shamba, maana ndilo lenye haraka. Mwombe baba asiuze. Umpe shukrani zote anazostahili, kisha umwambie kwamba nafasi hiyo ya Uingereza utaiacha ipite.

Sisemi hivyo kwa kudharau vyuo vya huko. Angalia kalenda ya kozi ya mwaka mmoja. Wanaanza Septemba, wanasoma madarasani hadi majira ya kuchipua, wanafanya mitihani, halafu mradi wa utafiti unabanwa kwenye miezi mitatu hivi ya kiangazi. Nanoteknolojia ni kazi ya mikono. Miezi mitatu ni muda wa kufundishwa kutumia mashine moja au mbili, kuharibu sampuli za kwanza, na kuanza tu kuelewa zilivyoharibika. Hapo hapo unaambiwa uandike tasnifu. Ekari mbili za Kola zitakuwa zimekwenda, na ujuzi ulioufuata bado haujakaa mikononi. Kama ungekuwa na ufadhili ningesema nenda, utajifunza kiasi. Kwa shamba la wazazi, hapana.

Sasa tuje kwenye jina lenyewe, kwa sababu naona ndilo linalokuvuta. Nanoteknolojia ni kazi inayofanywa kwenye kipimo fulani, kuanzia nanomita 1 hadi 100 hivi, na nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Maada ikikatwa hadi huko, hubadilika tabia. Chukua mchemraba wa sentimita moja kila upande. Nyuso zake zote sita zina eneo la sentimita 6 za mraba. Ukate uwe michemraba midogo ya nanomita moja moja, bila kuongeza hata chembe, na eneo la nyuso zote linafika mita 6,000 za mraba. Hiyo ni karibu ekari moja na nusu, kutoka kwenye kitu kinachoshikika kwa vidole viwili. Kwa kuwa uchafu wa maji hunasa juu ya uso wa kitu, na kichocheo cha kemia pia hufanya kazi usoni, utaona kwa nini wahandisi wa maji, wa betri na wa mafuta wanakimbilia kipimo hiki.

Lakini angalia nilivyowataja: wahandisi wa maji, wa betri, wa mafuta. Wenzako kazini wana ukweli nusu. Mwajiri wa Kenya anayetangaza nafasi ya "mtaalamu wa nano" utamtafuta sana. Wapo, hata hivyo, wanaotafuta mtu wa kusafisha maji, wa rangi na mipako, wa dawa, wa umeme wa jua. Pale Nyeri, ndani ya eneo la Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kampuni ya Semiconductor Technologies Limited inashughulika na utengenezaji wa chipu, na huko wanahitaji mafundi wa mashine na wahandisi wa michakato. Kwa hiyo shahada ya uzamili ya uhandisi wa kemia, wa maada au wa mitambo, yenye tasnifu ya nano, itakufungulia milango mingi kuliko cheti kilichoandikwa nanoteknolojia peke yake. Na usiache kujiandikisha na Bodi ya Wahandisi wa Kenya, EBK, kama mhandisi mhitimu, ikiwa hujafanya hivyo. Uzamili wa nje hauchukui nafasi ya usajili huo.

Kuna Mtanzania mmoja ambaye njia yake nataka uisome kwa makini. Askwar Hilonga ni mhandisi wa kemia aliyezaliwa kijiji cha Gongali, Karatu. Alipata uzamivu Korea Kusini, Chuo Kikuu cha Hanyang, kwenye nanoteknolojia, akarudi kufundisha katika Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha. Kilichomtoa ni chujio la maji. Chini kuna mchanga, teknolojia ya zamani inayojulikana kila mahali. Juu ya mchanga huo akaongeza nanomaada zinazopangwa kulingana na uchafu wa maji ya eneo husika, iwe floraidi, metali nzito au kingine. Mwaka 2015 chujio hilo likampa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa. Kampuni yake aliipa jina la kijiji. Nakusihi utazame mpangilio wake: tatizo la nyumbani analijua tangu utotoni, uhandisi anao, nano anaiongeza mahali ambapo mchanga peke yake unashindwa. Watu wengi wanaanza na nano, halafu wanazunguka kutafuta tatizo la kuliwekea.

Chuo cha Wakorea unachotajiwa ni Kenya-AIST, mradi wa Konza unaofadhiliwa kwa mkopo wa serikali ya Korea, kwa mfano wa KAIST, taasisi ya sayansi na teknolojia ya Korea. KAIST yenyewe ilianzishwa mwaka 1971 kama shule ya uzamili na uzamivu, wakati Korea ilikuwa ikiwapoteza vijana wake wasomi kwa Marekani, na wazo la Konza ni hilo hilo. Idara zilizopangwa kuanza nazo ni sita: mitambo, umeme na elektroniki, TEHAMA, kemia, ujenzi, na bioteknolojia ya kilimo. Nano haimo kwenye orodha kama idara, na hilo lisikukatishe tamaa. Mitambo ni yako tayari, na kemia iko jirani. Wewe uko hapo hapo, watu wa mbali hawana bahati hiyo. Nenda ofisini uulize uso kwa uso: Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu imewapa idhini gani, maabara ipi imeshawekwa mashine, nani atasimamia tasnifu za maada. Majibu yakiwa ya kuzungukazunguka, usiweke maisha yako kitini kusubiri.

Wakati huo huo omba kwingine, na uombe penye fedha tu. Serikali ya Korea ina ufadhili wa Global Korea Scholarship unaolipa karo, tiketi na posho, pamoja na mwaka wa kujifunza Kikorea. Mwaka huo wengi huuona mrefu, lakini ndio utakaokuwezesha kuelewana na fundi wa maabara. KU Leuven ya Ubelgiji ina uzamili wa miaka miwili wa nanosayansi na nanoteknolojia, jirani na imec, mojawapo ya vituo vikubwa vya utafiti wa chipu duniani, na imeuendesha pia kwa ushirikiano wa Erasmus Mundus na vyuo vya nchi nyingine za Ulaya. Afrika Kusini ina programu ya kitaifa ya uzamili wa nanosayansi ambamo Chuo Kikuu cha Western Cape kimo. Na Arusha, kwenye Taasisi ya Nelson Mandela, si mbali: unapanda basi unapitia Namanga.

Popote utakapoandika, mwandikie msimamizi kabla ya kuandikia ofisi ya udahili. Muulize hadubini ya elektroni iko jengo gani, na mwanafunzi wa uzamili anaigusa mwenyewe au anapeleka sampuli akisubiri picha. Swali hilo lina uzito. Wanafunzi wengi wa ukanda wetu hutengeneza chembe zao nyumbani kisha huzituma nje, mara nyingi Afrika Kusini, wakakaa miezi bila kujua walichotengeneza. Muulize pia wanafunzi wake waliopita wako wapi leo.

Barua hiyo isiende mikono mitupu. Wewe unalaza mabomba katika nchi kame. Konza imepangiwa kuletewa maji kutoka Bwawa la Thwake, na huku vijijini visima virefu vya Ukambani vinatoa maji ya chumvi ambayo watu wanayanywa kwa kukosa mengine. Chagua visima vitatu unavyovifahamu. Kabla ya kuchota, nunua chupa safi za plastiki, na uziandike tarehe na mahali. Zipeleke maabara ya serikali zipimwe chumvi, floraidi, chuma na pH. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha floraidi kuwa miligramu 1.5 kwa lita. Ona maji yako yako upande gani. Kisha, ili uwe na kitu cha kujaribu kunasia uchafu huo, tafuta mtu wa Mwea akupe gunia la makapi ya mpunga, maana majivu yake yamejaa silika, na silika ni mojawapo ya maada za kwanza ambazo mwanafunzi wa nano hujifunza kutengeneza: makapi yanachomwa, majivu yanayeyushwa kwenye magadi makali, kisha asidi inadondoshwa tone kwa tone hadi mmiminiko unaganda kama uji. Usiijaribu jikoni, magadi hayo yanachoma macho. Omba nafasi kwenye maabara ya kemia ya chuo ulichosoma, chini ya mwalimu anayekujua.

Msimamizi akifungua barua yako akakuta jedwali la maji ya visima vitatu na maelezo ya kile ulichojaribu kukitoa humo, atakujibu. Asipojibu kwa wiki tatu, tuma kwa mwingine.