Aliyemaliza Kwanza Apewe Nini?

Wenzangu wa ualimu mnaojiandaa kwenda TP, nina kosa langu nataka mlisome kabla hamjalirudia.

Nilipangiwa shule ya kata, Hisabati Kidato cha Pili, darasa la wanafunzi sitini na kitu. Kulikuwa na kijana mmoja, nikiandika maswali kumi ubaoni, hata vumbi la chaki sijajifuta, yeye keshamaliza. "Mwalimu, nimemaliza." Nikampa mengine kumi. Kesho yake hivyo hivyo. Wiki ya pili akaanza kuandika taratibu, anachungulia dirishani, anamaliza pamoja na wenzake. Nikafurahi, eti ametulia. Kumbe nilikuwa nimemfundisha kwamba ukiwahi kumaliza, malipo yake ni kazi zaidi ya ileile. Iliniuma, maana na mimi nikiwa kidato hicho nilichungulia dirisha kwa sababu hiyohiyo.

Tukisikia "vipaji maalum" tunawaza Ilboru, Kibaha, Mzumbe au Kilakala. Sawa, lakini wenye vipaji hawajaishia huko. Wengine wamebaki shule za kata, na cha ziada watakachopata ni kile atakachowaletea mwalimu.

Nikarudi kwenye madaftari yangu ya chuo. Joseph Renzulli, msomi wa Marekani, aliandika mwaka 1978 kwamba kipaji hukaa pale mambo matatu yanapokutana: uwezo ulio juu ya wastani, ubunifu, na kujituma kwenye kazi. Mwaka mmoja kabla alikuwa ameeleza shughuli za aina tatu. Kwanza, mwanafunzi aonjeshwe mambo yasiyo kwenye muhtasari. Pili, afundishwe mbinu za kufikiri na kutafiti. Tatu, ashike tatizo la kweli mwenyewe, na majibu yake yaende kwa mtu anayeyahitaji.

Tatizo la kweli lilikuwa uani: bomba la shule linavuja. Nikauliza darasa zima, "Tunapoteza maji kiasi gani kwa mwezi? Anayetaka kujua abaki baada ya vipindi." Wakabaki saba. Kijana wangu akakinga kikombe cha robo lita, kikajaa kwa dakika 5. Papo hapo akatoa jibu: lita 3 kwa saa, 72 kwa siku, 2,160 kwa siku 30. Akaweka kalamu chini.

Msichana mmoja, ambaye kwenye mtihani hata kumi bora hayumo, akauliza, "Mbona alfajiri tukija kufagia linadondosha haraka zaidi?"

Kimya. Kesho yake saa 12 asubuhi wakapima tena. Kikombe kilijaa kwa dakika 3, yaani lita 5 kwa saa. Usiku watumiaji ni wachache, presha inapanda. Kwa mara ya kwanza nikamwona yule kijana akifuta jibu lake, na usoni amechangamka kuliko siku zote. Wakaandika kwamba hasara iko kati ya lita 72 na 120 kwa siku, wakaeleza na sababu. Mkuu wa shule akaisoma karatasi yao, akaita fundi.

Ningechagua kwa alama za mtihani, yule binti nisingemwita, na jibu letu lingebaki la makosa.

Basi mkifika huko, jaribuni haya. Anayewahi kumaliza, mpe kwanza maswali matatu magumu kuliko yote. Akiyaweza, msamehe saba yaliyobaki. Muda alioukomboa mpe swali ambalo jibu lake halipo nyuma ya kitabu, hata wewe mwenyewe hulijui. Na mlango uache wazi kwa yeyote anayetaka kubaki. Haihitaji maabara wala bajeti. Sisi tulitumia kikombe na saa ya simu yangu.